Mke wa Sajini na Mizani ya Chimala

Katika kota za askari pale Mbeya, mwaka 1976, hakukuwa na mtu asiyemjua Leokadia, mke wa Sajini Maganga. Kicheko chake kilimtangulia. Mtu aliyekuwa bombani anateka maji alikisikia kutoka mstari wa pili wa nyumba, akajua Mama Joachim yuko njiani na ndoo yake. Kisha ndipo alipotokea mwenyewe, taratibu, mpana, kanga imemkaa vizuri, anasalimia mlango kwa mlango. Wenzake walimpa jina la Mama Skania, kwa ajili ya yale malori makubwa yaliyokuwa yakipita barabara kuu kwenda Zambia. Hakuwahi kulikasirikia.

"Skania haitumwi kubeba kuni mbili tatu," alikuwa akiwaambia. "Inabeba mzigo."

Alikuwa Mhehe, mzaliwa wa kijiji kimoja upande wa Kalenga, si mbali na mji wa Iringa. Alipoolewa alikuwa mwembamba hasa. Mama mkwe wake, aliyehama na ng'ombe kutoka Usukumani mpaka mbuga za Usangu, alimtazama siku ile kuanzia juu hadi chini, akamwambia mwanawe kwa Kisukuma maneno ambayo Leokadia alikuja kutafsiriwa baadaye: huyu tutamlisha kwanza, mengine tutaongea akishaonekana. Wakamlisha kweli. Miaka kumi na watoto watatu baadaye alikuwa akionekana kutoka ng'ambo ya kiwanja cha gwaride, na ukoo mzima wa Usangu uliona fahari. Unene wake ulikuwa unasema kwa niaba ya Maganga kwamba nyumba yake inatunzwa.

Maganga mwenyewe alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mtu wa mishipa mitupu, miguu mirefu, sauti kavu. Kila alfajiri aliwakimbiza makuruta mpaka wengine wakakaa chini kando ya njia na kuomba warudishwe kwao. Kisha alirudi nyumbani, akamkuta mkewe mbele ya karai la maandazi, akavuta kigoda, akala na kumtazama kwa raha.

"Wewe usije ukakimbia," alikuwa akimwambia. "Wewe kaa hivyo hivyo."

Tatizo lilianza baada ya kuzaliwa kitinda mimba, Timotheo. Kitovu cha Leokadia kilituna. Mwanzoni kilikuwa kama limau, akilala chali kinarudi ndani, akikohoa kinatoka. Hakumwambia mtu. Alikifunga kwa kipande cha kanga kilichokunjwa, akaendelea na kazi zake. Mwaka wa pili limau likawa ngumi.

Siku ya Majeshi, mwezi wa tisa, wake wa askari walicheza ngoma mbele ya wageni. Leokadia alikuwa katikati ya mstari, maana bila yeye mstari haukunoga. Walipofika pale pa kuinama na kuinuka, akainama na hakuinuka. Watu walidhani ni mbwembwe zake, wakapiga vigelegele. Jirani yake Rozalia, mke wa Koplo Yotamu, ndiye aliyeona jasho linavyomtiririka usoni, akawasukuma wenzake na kumshika.

Kwenye zahanati ya kambi mganga alimlaza, akamkunjisha miguu, akausukuma ule uvimbe polepole kwa kiganja mpaka ukarudi mahali pake. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na Maganga alisimama mlangoni na sare zake za sherehe, hajui mikono aiweke wapi.

"Hii ni ngiri ya kitovu," mganga alisema. "Leo imekubali kurudi. Siku itakayokataa, utumbo utajifunga humo, na tutakuwa tunakimbizana na saa. Inatakiwa kushonwa."

Leokadia alichagua kushonewa Iringa, katika hospitali moja ya misheni iliyokuwa jirani na kwao. Hakutoa sababu. Ila Rozalia alimjua, akamwambia usoni, "Unataka kama ni kufa, ufie karibu na mama yako." Leokadia akacheka, na kwa mara ya kwanza kicheko chake hakikufika mbali.

Walisafiri kwa basi, yeye na mumewe. Daktari Kasian alikuwa kijana bado, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo gumu. Alimpima, akamweka juu ya mizani, akasogeza chuma huku na huku. Kilo mia na kumi na mbili. Akavua miwani.

"Mama, sitakupasua leo."

"Nimekuja na nguo za kulazwa, Daktari."

"Naona. Lakini nikikufungua leo nitapita kwenye mafuta mengi kabla sijaiona ngiri yenyewe. Nikishona, uzi utashika mafuta, hautashika nyama, na ukipiga chafya ya kwanza kazi yangu yote imeachia. Halafu kuna ile dawa ya usingizi. Kifua chako kinahema kwa shida hata ukiwa umekaa. Sitaki ulale usiamke."

Leokadia aligeuza uso. Nje dirishani watu wa kwao walikuwa wakisalimiana, kamwene, kamwene, kama vile hakuna kilichotokea.

"Kwa hiyo?" Maganga aliuliza.

"Kwa hiyo apungue. Arudi baada ya mavuno, akiwa chini ya kilo tisini. Asinyanyue vizito. Atembee. Ugali ale, mboga ale, maharage ale. Sahani moja, si mbili. Maandazi, samli, pombe ya ulanzi, hivyo aviage." Akamgeukia Leokadia. "Mama, mimi sikukatazi kula. Nakukataza kuongeza."

Ndani ya basi la kurudi Leokadia alitazama dirishani mpaka Mafinga. Pale ndipo aliposema, "Nilikwenda kukatwa, nimeambiwa nisile. Afadhali ningekatwa."

Maganga alilipokea jambo lile kwa njia pekee aliyoijua. Kesho yake, kabla ya buruji, alimwamsha mkewe, akampeleka kwenye njia inayopita nyuma ya kota, akatoa filimbi mfukoni.

"Taratibu tu. Mpaka kwenye ile mikaratusi na kurudi. Magoti juu."

Leokadia alijaribu. Kwa heshima ya ndoa yake alijaribu kweli. Madirisha ya kota yalianza kufunguka moja baada ya jingine, na vichwa vikajipanga. Filimbi ikalia. Akakimbia hatua chache, kitovu amekishika kwa mikono miwili, kisha akasimama, mabega yanatikisika.

"Usisimame, mwili utapoa. Unalia?"

"Nacheka," Leokadia alisema, machozi yanamtoka. "Baba Joachim, mimi ni mke wako, si kuruta wako. Kuruta akiisikia hiyo filimbi anaogopa. Mimi nikiisikia nacheka, na nikicheka siwezi kukimbia."

Maganga naye akashindwa kujizuia. Wakakaa juu ya jiwe kando ya njia, wanacheka, mpaka buruji likalia na madirisha yakafungwa. Kicheko kilipoisha, Leokadia aliuliza bila kumtazama, "Nikipungua, utaniona vipi?"

Maganga aliizungusha filimbi vidoleni. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na swali lile na yeye alikuwa akijiuliza tangu Iringa.

"Sijui," akasema. "Lakini nataka uwepo, nikuone."

Mwezi wa kumi na moja alipata amri ya kwenda kusini. Kwa muda gani, kufanya nini, wake wa askari walikuwa wamejifunza kutouliza. Aliondoka na begi lake la kijani, akawapa watoto mkono mmoja mmoja kama wakubwa, na Leokadia akabaki na nyumba, ngiri, na njaa.

Njaa ndiyo iliyomsumbua zaidi. Alikuwa mtu wa kuonja. Kupika kwake kote kulikuwa kuonja, na kuonja kwake kulikuwa sahani nzima. Siku moja alilichukua karai lake la maandazi, akalipeleka kwa Rozalia.

"Kaa nalo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nishonwe."

Rozalia alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali na moyo mzuri. Alilipokea karai, akalitundika ukutani, na kesho yake asubuhi akaja mlangoni amefunga kanga kiunoni. "Haya, twende. Mimi sina filimbi."

Wakaanza kutembea. Mwanzoni walifika kwenye mikaratusi tu, Leokadia akakaa chini akihema. Baada ya muda wakapita mikaratusi, wakaanza kuupanda mteremko wa Loleza, ule mlima unaoutazama mji. Walizungumza njia nzima: waume zao, wakwe, bei ya sabuni, nani amejifungua na nani anasingizia. Wake wengine walianza kujiunga, maana maneno yalikuwa matamu na hakuna aliyetaka kuyakosa. Kufikia Krismasi walikuwa kundi zima, na askari wa zamu getini wakawa wanawasalimia kwa kuwapigia saluti. Leokadia aliirudisha saluti ile kwa uzito wote wa cheo ambacho hakuwa nacho. Kanga zake zilianza kumzidi. Alizipindua ncha mara mbili kiunoni, akajisikia mwepesi, akaona aibu kidogo kwamba anajisikia vizuri na mume wake hayupo.

Habari zikasafiri. Dereva mmoja wa Chimala aliyemwona sokoni alifika Usangu akasema, mke wa Maganga amekwisha. Hakusema amepungua. Alisema amekwisha.

Mama mkwe alifika mwezi wa kwanza, mvua zimechanganya. Alikuwa akiitwa Mama Nyanda, kwa jina la mwanawe wa kwanza, lakini Leokadia alimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Alishuka na gunia la mchele na debe la samli, akamshika Leokadia mabegani, akamgeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua ndama.

"Nani amekufanya hivi?"

"Ni daktari, Mayu. Ameniambia nipungue kwanza ndipo anishone."

"Daktari anayekataza watu kula ni daktari wa nini?"

Hakukuwa na namna. Mama mkwe akipakua, mke wa mwanawe anakula. Jioni ile wali uling'aa kwa samli, na kesho yake pia, na siku iliyofuata. Mayu alikaa mbele yake akamtazama mpaka tonge la mwisho, akaongeza. Leokadia alikula huku anasikia raha mdomoni na uchungu moyoni. Kanga zikaanza kumtosha tena. Rozalia alipokuja kumchukua kwa matembezi, Mayu alisimama mlangoni.

"Mnampeleka wapi mkwe wangu kwenye baridi hii? Huko mlimani mmeacha nini?"

"Tumeacha kilo, Mama," Rozalia akajibu. "Na naona leo zimesharudi nyumbani zenyewe."

Mayu hakucheka.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa maneno. Asubuhi moja Leokadia alikuwa uani anamwogesha Timotheo. Mtoto aliteleza, akamdaka kwa ghafla, na ngiri ikatoka. Alimketisha mtoto, akajilaza pale pale juu ya gunia, akafungua kanga, akaanza kuusukuma uvimbe kama alivyofundishwa, meno ameyauma. Alipoinua macho alimwona Mayu amesimama juu yake na sufuria mkononi.

Mama mkwe hakuwa amewahi kuuona. Aliliweka sufuria chini polepole, akapiga magoti, akautazama ule uvimbe mpaka ukarudi wote ndani. Kisha akakaa chini, ukutani, miguu ameinyoosha.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema. "Alikuwa nacho hicho. Tukiwa njiani na ng'ombe, kabla hatujafika Usangu, kikatoka kikakataa kurudi. Sisi hatukujua. Tulimkanda tumbo kwa samli. Siku mbili tulimkanda." Akaitazama mikono yake. "Alikuwa mnene, mzuri, kama wewe."

 Leokadia aliusogeza mkono wake akaushika wa mama mkwe, na mtoto ndani ya beseni akaendelea kupiga maji.

Siku hiyo hiyo Mayu alilibeba debe la samli, akapita nalo kota kwa kota, akampimia kila mke wa askari kikombe chake. Aliporudi debe lilikuwa tupu. "Nieleze tena alichosema daktari," akasema. "Chote. Usifiche hata kimoja."

Tangu hapo Leokadia alipata msimamizi ambaye hakuna sajini angemfikia. Mayu aliamua kwamba Mbeya kuna baridi na baridi inaleta njaa, kwa hiyo watakwenda Usangu. Watoto wakubwa, Joachim na Benedicta, waliokuwa shuleni, walibaki kwa Rozalia. Timotheo akachukuliwa.

Kule mbugani Leokadia alikaa mpaka mavuno. Alipalilia mpunga maji yamemfika kwenye mashavu ya miguu. Aliamia ndege tangu jua linachomoza, anakwenda na kurudi kwenye kingo za mashamba akipiga debe na kuimba nyimbo za Kihehe ambazo ndege wa Usangu hawakuwahi kuzisikia. Alikula ugali wa mtama kwa mlenda, sahani moja. Alikunywa maziwa ya mgando yaliyokwisha kuenguliwa siagi, maana siagi Mayu aliitoa kwanza kwa mikono yake na kuipeleka kwa wengine. Kitu kizito hakuruhusiwa kukigusa. Akijaribu kuinua hata ndoo, sauti ilitoka upande wa pili wa uwanja: "Weka chini."

Mzee Ndalahwa, baba mkwe, alilitazama jambo lile kwa wiki kadhaa bila kusema neno. Siku moja alimwuliza mkewe kama wanajiandaa kumrudisha huyu binti kwao. Mayu akamjibu kwamba anajiandaa kumbakiza. Mzee hakuuliza tena, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimtekea Leokadia maji ya kuoga.

Mwezi wa sita mpunga ulipoanza kupelekwa Chimala kukobolewa, Mayu alisema, "Na wewe unakwenda."

Kwenye mashine ya kukoboa kulikuwa na mizani ya magunia, ile ya chini yenye bamba la chuma. Wanaume walikuwa wamejipanga na mizigo yao, vumbi la pumba limewafanya wote kuwa weupe. Mayu alipita mbele ya foleni, akamshika mkwe wake mkono, akampandisha juu ya mizani.

Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama huyu naye anakobolewa.

"Wewe unayecheka," Mayu alimwambia, "ngiri ikikushika utakuja kutafuta mizani hii usiku na mchana. Mpimaji, soma."

Mpimaji, mtu mzima aliyeitwa Liberatus, hakucheka. Alisogeza jiwe la mizani, akalisogeza tena, akainama kuhakikisha. "Themanini na nane," akasema.

Leokadia alimwomba arudie. Akarudia. Ikawa zamu yake kucheka, na kile kicheko ambacho Mbeya walikijua kilijaza mashine yote mpaka mwendesha injini akatoa kichwa nje kuona kumetokea nini. Wanaume waliomdhihaki wakaanza kupiga makofi bila kujua wanampigia nini. Liberatus alimsaidia kushuka kwa kumshika kiwiko. "Nenda salama, mama," alimwambia. "Nimepima mizigo mingi hapa. Huu umenifurahisha."

Siku chache baadaye walipanda basi la Iringa pale pale Chimala, Leokadia, Timotheo na Mayu, ambaye alikataa kata kata kuachwa. Mama mzazi wa Leokadia aliwapokea stendi. Alikuwa hajui Kisukuma, na Mayu hakujua Kihehe, na Kiswahili cha huyo mama mzazi kilikuwa cha kuvukia barabara tu. Lakini walielewana vya kutosha kugombana. Mmoja alisema mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji apewe uji wa ulezi. Mwingine alisema maziwa ya mgando, ila yaliyoenguliwa. Walikwenda nalo jambo hilo mpaka kwa Daktari Kasian, naye akavua miwani, akasema siku ya kwanza apewe maji ya kulamba tu. Wakatoka wameungana dhidi yake.

Daktari alipomweka Leokadia juu ya mizani alisoma, akasoma tena, akamtazama kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

"Nilipokwambia vile mwaka jana, nilifikiri sitakuona tena," alisema. "Wengi hawarudi."

"Na mimi nilifikiri hivyo," Leokadia alijibu.

Asubuhi ya upasuaji hofu ilimjia yote kwa mpigo. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la hospitali, na aliwafikiria wanawe, na Maganga huko kusini ambako hata jina la mahali hakulijua. Mama yake alikuwa anasali rozari upande mmoja. Upande wa pili Mayu, ambaye hakuwa Mkristo, aliinama sikioni kwake.

"Unaogopa?"

"Ndiyo, Mayu."

"Vizuri. Ogopa, halafu urudi. Mpunga wa nyuma ya nyumba haujakatwa."

Alirudi. Alipofungua macho aliona dari, kisha nyuso mbili za wazee zimegongana vichwa juu yake, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama kuna chakula. Mama zake wakatazamana, wakacheka kwa pamoja, na muuguzi akaja kuwaambia wapunguze sauti. Daktari Kasian alipita baadaye, akagusa bandeji kidogo, akasema uzi umeshika nyama safi.

Siku ya nne Leokadia aliruhusiwa kukaa kwenye baraza la wodi, juani. Alikuwa anawasimulia wagonjwa wenzake habari za mizani ya Chimala, tumbo amelibana kwa mto ili kicheko kisimuumize, alipotokea askari getini, kombati imejaa vumbi, begi la kijani begani. Maganga alikuwa amepata likizo, akafika Mbeya akaambiwa na Rozalia, akalala kwenye lori mpaka Iringa. Alikuwa ameanza kumwuliza muuguzi wodi ya wanawake iko wapi, akakisikia kicheko, akanyamaza katikati ya sentensi na kukifuata.

Alisimama mbele ya baraza. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Shingo ilikuwa imeonekana, mifupa ya mashavu ambayo hakuiona tangu mwaka wa harusi ilikuwa imerudi.

"Nilimwacha mke mkubwa," akasema.

"Mkubwa bado yupo, Baba Joachim. Zimeondoka kilo tu."

Maganga akaweka begi chini. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, miguuni pake, akaegemeza kichwa chake kwenye goti la mkewe mbele ya wodi nzima, kitu ambacho mwanaume wa Kisukuma, tena sajini, hakifanyi mbele za watu. Leokadia aliweka mkono juu ya nywele zake zenye vumbi. Lile swali alilomwuliza mumewe pale kwenye jiwe, atamwonaje akipungua, lilijibiwa hapo hapo bila kuulizwa tena.

"Mayu amekulisha nini?" Maganga aliuliza hatimaye.

"Mlenda."

"Yeye? Kwa hiari yake?"

Mayu, aliyekuwa pembeni anamlisha Timotheo uji, alijibu bila kugeuka kwamba na yeye Maganga ameonekana kama hajala huko kusini, na kwamba zamu yake imefika.

Waliporudi Mbeya, kota nzima ilikuwa nje. Rozalia alikuwa ameliosha karai likang'aa, akamkabidhi mbele za watu kwa heshima zote. Mtu mmoja aliuliza sasa watamwitaje, maana Skania hailingani tena. Leokadia akasema jina libaki. Lori ni lile lile, limeshusha mzigo tu.

Maandazi alirudi kuyakaanga, ila aliyagawa. Zile kilo hazikukaa mbali zote. Mbili tatu zilirejea kimyakimya, naye akazikaribisha bila ugomvi. Matembezi ya Loleza hayakufa. Wake wapya walipohamia kota waliambiwa siku ya kwanza bomba liko wapi, duka liko wapi, na asubuhi wafike kwenye mikaratusi saa ngapi.

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, Maganga alipata likizo nyingine, na familia nzima ikashuka Usangu. Askari yule aliyewakimbiza makuruta mpaka wakakaa chini alipewa mundu, akawekwa kwenye mstari kati ya mama yake na mke wake. Baada ya muda mfupi wanawake wale wawili walikuwa wamemwacha nyuma kabisa, wamekwenda na mpunga wao, wanasengenya kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma na Kihehe. Maganga alinyoosha mgongo, akakishika kiuno, akawaita wamsubiri. Leokadia aliinua mkono kuonyesha kwamba amesikia, kisha akainama akaendelea kukata.